Paka Akibadilika Ghafula

Paka mchanga aliyezoea kulala mapajani huweza siku moja kugeuka: akajificha uvunguni, akakataa chakula, au akaparura mkono unaomlisha. Msimpige, wala msiseme amerogwa. Mnyama hana maneno. Mwenendo wake ndio usemi wake.

Sababu ni nyingi. Jike wa miezi 4 au zaidi akilia usiku na kugaagaa, huenda anataka dume. Dume akichuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, huenda njia imeziba. Asipotibiwa upesi atakufa.

Lakini iko sababu moja ya kuogopwa sana: kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata. Akiuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku ile ile mkaanzishiwe sindano za kinga. Dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno kupona. Paka afungiwe pasipo kushikwa kwa mikono mitupu, na daktari wa mifugo aitwe amtazame siku 10.

Basi, paka achanjwe afikapo miezi 3. Sindano hiyo ni nafuu kuliko matanga.