Fomu Isiyoleta Barua: Somo la Kutengeneza Tovuti ya Biashara Ndogo

Katika likizo ya Juni nilikaa kwa mama yangu mkubwa, ambaye ana biashara ndogo katika kata ya Engutoto, hapa Arusha mjini. Hukaanga kahawa ya wakulima wa miteremko ya Mlima Meru, huuza na asali kidogo, tena huwapeleka wageni mashambani wakaone jinsi kahawa inavyochumwa, inavyomenywa na kutwangwa kinuni. Siku ya pili ya kufika kwangu aliniita akaniambia, “Mwanangu, wewe wasoma kompyuta huko shuleni. Hebu nitazamie jambo hili. Nilimlipa fundi fedha nyingi anifanyie tovuti, na tangu Januari haijaniletea mgeni hata mmoja. Nataka kuifunga.” Nikamjibu, “Mama Mkubwa, niachie siku tatu.” Zikawa siku kumi na tisa.

Kwa ajili ya wazazi ambao hawajapata kushughulika na mambo haya, nieleze kwanza kwamba tovuti ni kurasa zinazokaa ndani ya kompyuta iitwayo seva, ambayo haizimwi mchana wala usiku. Mtu akiandika jina la tovuti katika simu yake, seva humpelekea kurasa hizo. Kurasa za Mama Mkubwa zimejengwa kwa WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003 na ambayo hutolewa bure. Uzuri wake ni kwamba mtu aweza kuitia programu ndogo za nyongeza, kama fundi cherehani anavyotia mfuko katika shati lililokwisha kushonwa. Ubaya wake ni huo huo, kama mtakavyoona.

Nilianza na fomu ya maulizo, maana hapo ndipo mgeni huandika jina lake, siku anayotaka kuja na idadi ya watu. Nilijiandikia barua mimi mwenyewe, nikabonyeza kitufe. Ukurasa ukajibu mara moja, “Asante, barua yako imepokelewa.” Tukangoja. Barua haikuja saa ile, wala jioni, wala kesho yake. Basi hapo nilijifunza jambo la kwanza: neno “imepokelewa” lilisemwa na fomu yenyewe, wala halikusemwa na posta. Ni kama mtoto aliyetumwa dukani akasema “Nimefika” angali mlangoni kwao.

Nikafungua sanduku la barua pepe la Mama Mkubwa, ambalo ni la Gmail, nikatazama katika sehemu ya barua taka. Barua yangu ilikuwa humo. Na haikuwa peke yake. Zilikuwamo nyingine kumi na moja. Gmail huzitunza barua taka kwa siku 30, kisha huzifuta, kwa hiyo zile za tangu Januari mpaka Aprili, kama zilikuwapo, zimekwisha potea wala hatutazijua kamwe. Mama Mkubwa alizisoma hizo kumi na moja mojamoja, kimya. Tatu zilitoka kwa mwalimu mmoja wa Nairobi aliyetaka kuleta wanafunzi 24 siku ya Jumamosi. Ya kwanza iliuliza bei. Ya pili iliuliza kama ile ya kwanza imefika. Ya tatu ilisema wamekwisha pata mahali pengine, asante. Mama Mkubwa alijifunga kanga yake akatoka uani kuchambua kahawa, na hakusema neno mpaka jioni.

Sababu ya barua kutupwa takani ni hii. Fomu ilikuwa imepangwa kuandika anwani ya mgeni mahali pa jina la mpelekaji. Tuseme mgeni ana anwani ya Gmail. Seva ya tovuti, ambayo si ya Gmail hata kidogo, ikawa inapeleka barua ikijiita Gmail. Posta inayopokea haikubali maneno matupu, huenda kwanza kuuliza, “Je, kompyuta hii imeruhusiwa kupeleka barua kwa jina hili?” Kila jina la tovuti au la barua pepe lina orodha ya kompyuta zilizoruhusiwa, na orodha hiyo huitwa SPF. Seva yetu haikuwamo katika orodha ya Gmail, basi ikahesabiwa kuwa mdanganyifu. Kwa kweli ilikuwa ikidanganya, ingawa pasipo kukusudia.

Dawa yake ilinichukua siku nzima kuitafuta na dakika ishirini kuitia. Mahali pa mpelekaji niliandika anwani ya tovuti yenyewe. Anwani ya mgeni nikaiweka mahali pa kujibu, ili Mama Mkubwa akibonyeza “jibu” barua imwendee mgeni. Kisha nikaifanya fomu ipeleke barua kupitia sanduku halisi la posta lenye neno la siri, na katika orodha ya SPF ya jina letu nikaiandika posta hiyo. Mwisho nikatia nyongeza ambayo huhifadhi nakala ya kila barua ndani ya tovuti, ili hata posta ikikosea, maneno ya mgeni yabaki. Kama mngenilazimisha kuchagua jambo moja tu katika yote niliyoyafanya, ningechagua hilo la nakala.

Ramani ilinichekesha. Arusha mjini iko karibu na latitudo 3.37 kusini ya Ikweta na longitudo 36.68 mashariki ya Greenwich. Katika ramani za kompyuta kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, na latitudo hutangulia: -3.37, 36.68. Fundi alikuwa ameandika kinyume, 36.68, -3.37. Kompyuta haina ubishi, iliichukua 36.68 kuwa kaskazini na 3.37 kuwa magharibi, ikaiweka biashara ya Mama Mkubwa baharini, karibu na pwani ya kusini ya Hispania. Nikageuza tarakimu kwa furaha nyingi, nikasahau alama ya kutoa, na mara biashara ikatua kaskazini ya Kenya, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Wenzangu mnaolala katika kipindi cha Jiografia, jihadharini. Tena tarakimu mbili baada ya nukta hazitoshi: digrii moja ya latitudo ni kama kilometa 111, kwa hiyo sehemu moja ya mia ni zaidi ya kilometa moja, na mgeni atafikishwa kwa jirani. Tarakimu nne humfikisha mlangoni, ndani ya meta kumi na kitu.

Namba ya simu nayo ilikuwa imeandikwa kama tunavyoandikiana sisi, ikianza na sifuri. Mtu aliye London akiibonyeza hapati kitu. Kitufe cha WhatsApp hutaka namba ianze na 255, pasipo sifuri na pasipo alama ya kujumlisha. Hilo nililirekebisha kwa dakika mbili.

Saa zilinisumbua zaidi. Tovuti ilikuwa ikifuata saa za Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa 3. Barua iliyoandikwa saa 3 asubuhi ilipigwa muhuri wa saa 12 alfajiri. Hilo ni la kubadili mahali pamoja tu. Lakini iko shida nyingine ambayo vitabu vya kompyuta havitaji, maana waliovitunga hawahesabu saa kama sisi. Ukurasa wa Kiingereza ulisema matembezi yataanza “2:00”. Mtembezaji wageni, kijana wa hapo jirani, aliposoma alidhani ni saa mbili asubuhi. Akaenda, akangoja, akarudi nyumbani. Wageni wakaja saa nane mchana wasimkute mtu. Basi sasa ukurasa wa Kiingereza waandika saa kwa tarakimu za 24, kama 14:00, na ukurasa wa Kiswahili waandika kwa maneno, “saa nane mchana”. Tangu hapo hakuna aliyepotea.

Sasa nikiri kosa langu. Nilitaka tovuti ipendeze, nikatia picha kumi nilizozipiga kwa simu ya Mama Mkubwa, pamoja na nyongeza ya kuzizungusha. Kila picha ilikuwa na megabaiti 4. Hebu tupige hesabu. Picha kumi ni megabaiti 40, na kwa kuwa baiti moja ni biti 8, hizo ni megabiti 320. Mtu mwenye mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde atangoja sekunde 160, yaani karibu dakika tatu. Nani atangoja? Nilipozipunguza zikawa na upana wa nukta 1,200 na kilobaiti 200 kila moja, zote pamoja zikawa megabaiti 2, ambazo ni sekunde 8. Kwa macho sikuona tofauti yo yote.

Lakini ile nyongeza ya kuzungusha picha iligombana na nyongeza ya fomu. Usiku wa Alhamisi nilifungua tovuti nikaona ukurasa mweupe, pasipo neno hata moja. Hata mlango wa kuingilia wa msimamizi ulikuwa mweupe. Nilitoka jasho. Sikumwamsha Mama Mkubwa. Nilikumbuka kwamba kampuni inayokodisha seva hutoa njia nyingine ya kuyafikia mafaili, nikaingia kwa njia hiyo, nikalitafuta jalada la nyongeza ile, nikalibadili jina. WordPress isipoliona jalada kwa jina lake la zamani huizima nyongeza yenyewe. Tovuti ikarudi saa saba ya usiku. Tangu usiku ule sitii kitu kipya kabla ya kuchukua nakala ya tovuti nzima, wala sitii vitu viwili kwa mara moja, maana vikiharibika hutajua ni kipi. Na nikisha badili kitu, naazima simu ya mtu mwingine nikitazame, kwa sababu kivinjari cha simu yangu hutunza kurasa za jana na kunionyesha hizo. Mara mbili nilitengeneza kosa lililokuwa limekwisha pona.

Juu ya bei, tovuti ilitaja dola za Marekani tu. Kanuni zilizotolewa mwezi wa Machi 2025 zakataza kutangaza na kutoza bei za vitu na huduma hapa nchini kwa fedha za kigeni, isipokuwa mambo machache yaliyotajwa humo. Tukaandika shilingi. Mama Mkubwa aliogopa kwamba wageni hawataelewa. Nikamwambia kila mgeni ana simu ya kumfanyia hesabu. Katika fomu tuliondoa pia swali la namba ya pasipoti. Fundi aliliweka, sijui kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka mtu akusanye habari zile tu zinazohitajika, na kuonyeshwa mkahawa hakuhitaji pasipoti.

Jambo lililobaki ndilo gumu kuliko yote, wala si la kompyuta. Jina la tovuti, lile linalomalizika kwa .co.tz, liliandikishwa kwa jina la fundi, wala si la Mama Mkubwa. Malipo yake ni ya kila mwaka. Yasipolipwa jina huanguka, na mtu mwingine aweza kulichukua. Fundi amehama mji. Tulimpigia simu mara nyingi, na siku ya kumi na nane akapokea, akakubali kulihamisha. Mama Mkubwa alizungumza naye mwenyewe, kwa upole uliotushangaza sote, akamtakia heri na watoto wake. Kisha akalipa ada ya mwaka ule ule, akaandika tarehe ya malipo yajayo kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo ya kahawa.

Yule mwalimu wa Nairobi tulimwandikia barua ya kuomba radhi. Alijibu baada ya siku mbili kwamba mwaka ujao atakuwa na darasa jingine.