Fahamu Historia Yetu: Kanisa la Emmanuel na Kengele ya Freretown

Kila siku makondakta wa matatu huita "Kengeleni!" ng'ambo ya Daraja la Nyali. Abiria wengi hushuka hapo bila kujua asili ya jina hilo.

Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa CMS, wakiongozwa na William Salter Price, walianzisha kijiji cha Freretown mkabala na kisiwa cha Mombasa. Kilipewa jina la Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kudai biashara ya watumwa ikomeshwe. Wakaazi wake wengi walikuwa watu waliokombolewa kutoka utumwani.

Watu hao walihitaji mahali pa kuabudu, na walihitaji usalama, kwani wangeweza kukamatwa tena. Kanisa la Emmanuel likajengwa. Kengele nayo ikatundikwa ili kuwaonya wakaazi kila wakamata watumwa walipokaribia. Hatari ilipopita, kengele ilibaki, na mahali pakaitwa Kengeleni.

Kanisa na kengele vyote vipo hadi leo. Vikiharibika, jina litabaki bila ushahidi wake.

Zoezi: Waulize wazee asili ya jina la mtaa wako, kisha uwasimulie watoto.