Programu Nayo Ifanye Mtihani: Namna ya Kupanga Majaribio Yanayojiendesha

Wanachuo wenzangu, kila muhula sisi ndio tunaotahiniwa. Testi ya kwanza, testi ya pili, kazi za vikundi, kisha UE. Lakini alama zetu zikishatoka mikononi mwa mhadhiri zinaingia kwenye programu ya kompyuta. Programu hiyo ndiyo inayojumlisha, inayokadiria desimali, inayotoa A au E, na hatimaye inayosema nani anaendelea, nani ana sapu na nani amedisko. Swali langu katika makala hii ni fupi: hiyo programu yenyewe imefanya mtihani gani?

Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni hisabati na kompyuta. Nilipoanza kujifunza jinsi watengenezaji wa programu wanavyopanga majaribio yao, nilikuta mengi ni yale yale tunayoambiwa kwenye kozi ya upimaji na tathmini. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya makundi mawili: ninyi wa kompyuta mnaoandika programu za miradi yenu ya mwaka wa mwisho, na sisi wengine ambao maisha yetu yanapita ndani ya programu za aina hiyo.

Jaribio linalojiendesha ni nini?

Ni programu ndogo inayoihoji programu kubwa. Inaipa data ambayo jibu lake linajulikana, inapokea jibu, kisha inalinganisha. Majibu yakilingana, kimya. Yasipolingana, inapiga kelele. Faida yake kubwa ni kwamba hujaribu mara moja ukaenda kulala. Kila mtu anapobadilisha hata mstari mmoja, maswali yote yanaulizwa upya, na mamia ya maswali madogo yanaweza kuisha ndani ya sekunde chache.

Zana za kazi hii ni za bure. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma waliandika JUnit, zana ya kujaribia programu za Java, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Leo karibu kila lugha ya kompyuta ina ndugu yake. Wa Python wanazo unittest na pytest.

Ila tusidanganyane: majaribio mengi siyo lazima yawe majaribio mazuri. Mwalimu anaweza kutunga maswali hamsini, yote yakauliza kitu kimoja. Na mwalimu anayekurudishia karatasi imeandikwa "umefeli" tu, bila alama nyekundu hata moja, hajakusaidia. Jaribio zuri linakwambia umefelia wapi. Mpangilio wote ninaoueleza hapa chini unatumikia jambo hilo moja.

Andaa, tenda, hakiki

Tuanze na jaribio moja. Mpangilio unaotumika sana una hatua tatu, na aliyeupa jina ni Bill Wake: andaa, tenda, hakiki. Tuchukue mfano wa programu ya alama. Tuseme testi zina alama 40 na UE ina 60. A inaanzia 70, B+ 60, B 50, C 40, D 35, na chini ya hapo ni E. Tuseme pia kwamba D ni sapu, E ni kurudia kozi nzima mwakani, na kanuni inasema nusu alama inapandishwa juu.

Andaa: kuna mwanafunzi ana 12.5 za testi na 22 za UE. Tenda: iambie programu itoe daraja lake. Hakiki: jibu liwe D, kwa sababu 34.5 inapanda kuwa 35.

Basi. Tendo moja, kitu kimoja cha kuhakiki. Ukiweka matendo sita ndani ya jaribio moja, siku likifeli utaanza kupekua kama mtu aliyepoteza ufunguo kwenye mchanga. Jina nalo lisiwe "jaribio la 7". Liite "nusu alama kwenye mpaka wa D inapanda", ili anayeona limefeli ajue tatizo kabla hata hajafungua faili.

Sijachagua 34.5 kwa bahati nasibu. Hitilafu hupenda kukaa mipakani, kwa hiyo mipakani ndiko tunakouliza maswali mengi: chini kidogo ya mpaka, juu ya mpaka wenyewe, na juu yake kidogo. Ukiiambia Python ikadirie kwa amri yake ya kawaida ya round, 39.5 inakuwa 40. Sawa. 49.5 inakuwa 50, 59.5 inakuwa 60, 69.5 inakuwa 70. Sawa kabisa. Lakini 34.5 inakuwa 34! Python haijakosea. Kanuni yake ni kwamba nusu kamili inakwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, na kanuni hiyo ina sababu nzuri: ukijumlisha namba nyingi, makosa ya kupanda na kushuka yanafidiana. Tatizo ni kwamba siyo kanuni ya chuo chetu cha mfano. Mipaka minne kati ya mitano ni namba shufwa, hivyo inatoka salama. Mpaka wa 35 ni witiri, na hapo mtu aliyestahili sapu anaambiwa arudie kozi mwaka mzima. Ungejaribu kwa mwanafunzi wa 72 na wa 45 tu, ungeapa kwamba programu haina shida.

Piramidi

Sasa tupande ngazi. Majaribio hayalingani ukubwa. Kuna majaribio ya vipande, yanayohoji kanuni moja peke yake, kama lile la 34.5. Kuna majaribio ya maungio, yanayoangalia kama vipande viwili vinaelewana, mfano kikokotoo cha alama na kanzidata. Halafu kuna majaribio ya mwanzo hadi mwisho: programu inafunguliwa kwenye kivinjari, inaingia kama mhadhiri, inajaza alama, inatoka, inaingia kama mwanafunzi na kuangalia matokeo.

Mike Cohn, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu uundaji wa programu, alizipanga ngazi hizi kama piramidi. Chini kabisa, penye upana, ni majaribio ya vipande. Katikati machache kiasi. Kileleni machache sana. Sababu ni mbili. Jaribio la kipande ni la haraka na likifeli linaonyesha mstari wenyewe. Jaribio la mwanzo hadi mwisho ni la polepole, na likifeli linaweza kuwa limefeli kwa lolote: kitufe kimehamishwa, mtandao umezubaa, kanzidata imejaa, au kweli hesabu ni mbovu. Kwa programu yetu ya mfano, ningeanza na majaribio kama thelathini ya vipande, sita ya maungio, na mawili tu ya safari nzima.

Siyo wote wanaokubaliana na umbo hili. Kent C. Dodds, anayejulikana sana kwa wanaoandika JavaScript, anachora kombe badala ya piramidi, sehemu pana ikiwa ni ya maungio. Hoja yake ina uzito pale ambapo kila kipande ni kidogo na kazi yote iko kwenye kuunganisha. Mimi nasema hivi: angalia kanuni ngumu za programu yako ziko wapi, na huko ndiko uweke maswali mengi. Programu ya alama imejaa kanuni, hivyo kwake piramidi inafaa.

Kwenye maungio

Hata hivyo, majaribio ya vipande peke yake hayatoshi, na mfano wake uliwahi kuishia kwenye sayari ya Mirihi. Mwezi Desemba 1998 Marekani ilirusha chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter. Tarehe 23 Septemba 1999, kilipokuwa kinaanza kuizunguka sayari hiyo, kikapotea. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu moja iliyokuwa duniani ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya ratili, na programu iliyozipokea ilidhani ni vya nyutoni. Tofauti ni karibu mara nne na nusu. Ukiitazama kila programu peke yake, hesabu inakwenda. Kosa lilikaa pale zilipokutana.

Kwetu jambo kama hilo lingekuwaje? Tuseme mwanafunzi ana 18 za testi, na UE yake, baada ya kupigiwa hesabu ya 60, ni 33. Jumla 51, daraja B. Lakini tuseme kipande kinachopokea kinadhani ile 33 ni ya 100, kwa hiyo kinaizidisha tena kwa 0.6. Anapata 19.8. Jumla 37.8, inapanda kuwa 38, daraja D. Mtu wa B ana sapu, na kila kipande kina vyeti vyake vya kufaulu. Jaribio moja la maungio lingelikamata hili: ingiza alama upande wa mhadhiri, isome upande wa matokeo, hakiki ni 51.

Kila jaribio lijitegemee

Tuliosoma kutunga mitihani tunaonywa kuhusu swali ambalo kipengele (b) kinategemea jibu la (a). Mwanafunzi akikosa (a), amekosa yote, nawe hujui kama (b) aliijua. Majaribio ni hivyo hivyo. Lisiwepo jaribio linalomtegemea mwanafunzi aliyesajiliwa na jaribio lililotangulia. Kila moja lijiandalie data yake na kufagia likimaliza. Dalili ya kujitegemea ni hii: ukiyachanganya mpangilio kama karata, matokeo hayabadiliki.

Saa nayo ni mtego. Tuseme rufaa ya matokeo inapokelewa ndani ya siku 14. Jaribio likisoma tarehe ya leo kwenye kompyuta, litafaulu wiki hii na kufeli mwezi ujao bila mtu kugusa kitu. Lipe tarehe yako mwenyewe: matokeo yametoka tarehe 1, rufaa imeletwa tarehe 15, kisha tarehe 16. Na kama programu inatuma SMS, weka kibadala, yaani kipande kinachojifanya ndicho mtuma SMS na kuandika tu kwamba kimeombwa kutuma. Hakuna anayetaka kupokea "umedisko" saa nane usiku kwa sababu kuna mtu anafanya majaribio.

Majaribio yanayofaulu leo na kufeli kesho bila sababu yana hasara kubwa kuliko yanavyoonekana. Watu wanazoea kusema "ah, hilo huwa linafeli tu, rudia." Siku likifeli kwa haki, hakuna anayeinua kichwa.

Jedwali la utahini

Sisi wa ualimu hatutungi mtihani bila jedwali la utahini: mada upande mmoja, viwango vya ujuzi upande mwingine, na idadi ya maswali katikati. Tufanye hivyo kwa programu. Upande mmoja orodhesha kanuni: kujumlisha, kukadiria, madaraja, sapu, kuahirisha mtihani, rufaa. Upande wa pili: hali ya kawaida, mpakani, data mbovu (alama 61 kati ya 60, herufi penye namba, nafasi tupu). Kisanduku kitupu ni swali ambalo hujauliza. Tofautisha nafasi tupu na sifuri, tafadhali. Aliyeugua siku ya UE siyo sawa na aliyepata sifuri.

Zipo zana zinazokupa asilimia ya mistari iliyopitiwa na majaribio. Zitumie, lakini usizisujudie. Mstari unaweza kupitiwa bila jibu lake kuhakikiwa. Mwalimu akisema amemaliza silabasi hajasema wanafunzi wameelewa.

Mwisho, panga mafaili ya majaribio kwa kufuata kanuni hizo hizo, na uyaandike kwa lugha ya watu. Dan North alieneza mtindo wa sehemu tatu: ikiwa hali ni hii, mtu akifanya hili, basi matokeo yawe haya. "Ikiwa mwanafunzi aliahirisha UE kwa ruhusa, matokeo yakitolewa, basi kozi isionyeshe E." Sentensi hiyo ataisoma mhadhiri, ataisoma ofisa wa mitihani, ataisoma waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi, na yeyote kati yao anaweza kusema, "hapana, kanuni haisemi hivyo." Hilo ni muhimu kwa sababu jaribio haliwezi kujua kama jibu ulilolitegemea lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Edsger Dijkstra alishatukumbusha zamani kwamba majaribio yanaweza kuonyesha hitilafu zipo, hayawezi kuthibitisha kwamba hazipo. Kinachobaki kinahitaji macho ya watu wengi.

Ndiyo maana nina pendekezo. Programu yoyote inayoamua hatima ya mwanafunzi, iwe ya matokeo, ya usajili au ya bumu, iwe na orodha ya majaribio yake iliyoandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi, na wawakilishi wetu wapewe nafasi ya kuisoma na kuongeza maswali. Hatuhitaji kuona siri za mfumo wala alama za mtu. Tunahitaji kuona mtihani ambao programu imefanya. Na ninyi mnaoanza miradi muhula huu, msisubiri wiki ya kuwasilisha: chora jedwali lako kwanza, anza na mipaka, na swali la kwanza kabisa liwe la 34.5.