Kiongozi wa Kikundi na Hali Inayobadilika: Mfano wa Vita Dhidi ya Ndui

Katika shule zetu mwanafunzi hufundishwa juu ya virusi, kinga na chanjo, lakini ni nadra kufundishwa jinsi kikundi cha wanasayansi kinavyoongozwa. Upungufu huo si mdogo. Tutazame mfano mmoja.

Mnamo Desemba 1966 daktari wa Kimarekani, William Foege, alikuwa Nigeria ya Mashariki katika kampeni ya kutokomeza ndui. Utaratibu uliokubaliwa ulikuwa kuchanja umma wote, au angalau watu 80 katika kila 100, na kikundi chake kilifunzwa kazi hiyo. Mara ndui ikazuka upande wa Ogoja, na chanjo iliyokuwapo haikutosha. Kiongozi anayetegemea ubingwa wake tu angengoja shehena nyingine, na huku watu wakifa. Foege, ambaye ujanani aliwahi kuzima moto wa misitu, alifikiri kama mzima moto: ondoa kuni zilizo karibu na mwali. Kwa redio za wamisionari aliulizia vijiji vyenye wagonjwa. Wakachanjwa waliowazunguka wagonjwa hao, na pia watu wa mahali ambako, kwa kufuata njia za masoko na za jamaa, ugonjwa ungeweza kufika.

Kwa nini njia hiyo ilifaa? Ndui haikuwa na makao katika mnyama yeyote. Iliambukiza hasa kwa kukaribiana, tena baada ya mgonjwa kuanza kuonyesha dalili. Na ilikaa mwilini yapata siku 12 kabla ya kujitokeza, hata mtu aliyechanjwa katika siku chache za mwanzo aliweza kuokoka. Vita vya Biafra vilipoanza Julai 1967, ndui ilikuwa imekwisha kutoweka katika jimbo hilo, ingawa waliochanjwa hawakufika nusu ya wakazi.

Msomaji aangalie kwamba Foege hakuitupa nguvu yake. Alikuwa amefanya kazi huko kama daktari wa misheni, akawajua watu na njia zao. Ujuzi huo aliupa kazi nyingine.

Lakini kubadilika si kufuata kila upepo, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mwaka 1974, huko Bihar nchini India, wagonjwa waliongezeka na wakuu wa jimbo walitaka kurudia chanjo ya umma. Safari hii Foege na wenzake walishikilia njia yao, kwa kuwa ongezeko lenyewe lilitokana kwa sehemu na upekuzi bora wa nyumba kwa nyumba. Mgonjwa wa mwisho wa India alipatikana Mei 1975.

Kwa wafugaji wa Somalia, ambao hawakai mahali pamoja, upekuzi wa nyumba kwa nyumba haukutosha. Ilibidi wapekuzi wawafuate malishoni. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Oktoba 1977.