Damu Ikitoka Puani Tufanye Nini?



Vijijini jambo hili si geni. Mtoto yuko machungani, mara damu inamchuruzika puani. Mama anapalilia, anainama, anaona matone mekundu kwenye udongo. Wengine huita hali hii kutokwa na muhina. Mara nyingi watu hukimbilia kumlaza mgonjwa chali, au kumwinua kichwa atazame juu. Wanataka kumsaidia. Kumbe wanamdhuru.

Kwa nini tusimlaze chali?

Mgonjwa akilala chali damu haikomi. Inageuza njia tu. Inateremka kooni na inaweza kumpalia. Akiimeza, inamchafua tumbo naye anatapika. Jamaa wakiona matapishi mekundu wanaanza kunong'ona: amelishwa sumu, amerogwa. Ugomvi unaingia katika ukoo, na chanzo chake ni damu ya pua!

Damu hutoka wapi?

Pua ina ukuta katikati. Sehemu ya mbele ya ukuta huo ina mishipa myembamba sana ya damu. Mishipa hiyo iko juu juu, chini ya ngozi laini. Ngozi ikikauka au ikikwaruzwa, mishipa inapasuka. Mara nyingi damu hutoka hapo mbele, na hapo vidole vyetu vinaweza kuizuia.

Mambo yanayoleta damu mara kwa mara

- Kuchokoa pua kwa kidole, hasa watoto.
- Vumbi na hewa kavu wakati wa kiangazi.
- Mafua, na kupenga kamasi kwa nguvu.
- Kunusa ugoro.
- Mtoto kujitia punje ya hindi au harage puani. Tundu moja la pua hutoa usaha unaonuka.
- Dawa kama aspirini, ambazo huifanya damu ichelewe kuganda.
- Magonjwa ya ini au ya damu yenyewe.

Shinikizo la damu, ambalo wengi tunaita presha, nalo huweza kuifanya damu iwe ngumu kukoma. Mtu mzima anayetokwa damu mara kwa mara apimwe presha.

Jinsi ya kumsaidia

1. Mkalishe. Ainamishe kichwa mbele kidogo.
2. Abane sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa kidole gumba na cha shahada. Apumue kwa mdomo.
3. Abane dakika 10 bila kuachia. Asichungulie kama damu imekoma. Kama hamna saa, hesabuni polepole moja hadi 60. Rudieni mara 10.
4. Damu iliyoingia mdomoni aiteme.
5. Kama bado inatoka, abane tena dakika 10.

Msimtie puani majani, udongo wala ugoro. Damu ikikoma, siku hiyo na ya pili asipenge, asichokoe pua, wala asibebe mzigo mzito. Mtu mzima anaweza kupaka mafuta mgando kidogo mwanzoni mwa tundu la pua ili ngozi isikauke. Watoto wakatwe kucha.

Wakati wa kwenda zahanati

Mpelekeni upesi kama damu haikukoma baada ya kubana mara mbili, kama inatoka kwa wingi, kama ameanguka au amepigwa kichwani, au kama anaona kizunguzungu. Mwenye viganja vyeupe na anayechoka haraka huenda amepungukiwa damu. Harage lililoingia puani msilichokoe nyumbani, maana litazama zaidi.

Kama ana homa kali pamoja na kutokwa damu, msiguse damu hiyo kwa mikono mitupu. Toeni habari zahanati mara moja. Mkoani Kagera, Tanzania, ugonjwa wa Marburg ulizuka mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Magonjwa ya namna hiyo ni machache, lakini huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili.

Tutumie kalamu yetu

Damu ikitoka kila mara, andika katika daftari: tarehe, tundu la kulia au la kushoto, dakika ngapi, na dawa anazotumia. Mpe mganga wa zahanati asome. Mgonjwa akiulizwa husema, "Inatoka sana." Daftari litasema, "Mara 4 wiki hii, tundu la kushoto tu." Maneno hayo yanamsaidia mganga kujua mahali pa kutazama.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mgonjwa asilazwe chali?
2. Bila saa, utapimaje dakika 10?
3. Taja mambo matatu yanayotulazimu kwenda zahanati.
4. Nani nyumbani kwako hutokwa damu puani? Utaandika nini katika daftari lake?