Wazimu Si Ugonjwa Mmoja



Mitaani kwetu, kuanzia Kariobangi hadi Kayole, kumwambia mtu "wewe ni wa Mathari" ni matusi. Hospitali hiyo ya Barabara ya Thika ilianza mwaka 1910, na mpaka leo wengi wetu twaogopa hata kupita mlangoni pake. Kwa hofu hiyo mgonjwa hufungwa kamba chumbani, jamaa wakisema amerogwa, na siku zinapita. Somo la leo ni juu ya siku hizo.

Madaktari huita hali hii saikosisi. Akili ya mtu imeshindwa kutenganisha yaliyopo na yasiyokuwapo. Anasikia sauti ambazo wengine hawasikii. Anaamini mwenye ploti ametia sumu kwenye mtungi wa maji, na hata mkinywa wote mbele yake hasadiki. Huyu hadanganyi, kwake yeye ile sauti ni sauti kweli. Basi msibishane naye, wala msimcheke.

Lakini saikosisi ni kama homa: ni dalili tu, haisemi imetoka wapi. Kwa hiyo ulizeni kwanza: ilianza lini, na kabla yake kulikuwa na nini?

Ikiwa imeanza ghafla na mwili una joto, fikirieni ugonjwa wa mwili. Nairobi haina malaria nyingi, lakini mtu aliyekwenda matangani Busia au Siaya anaweza kurudi nayo, ikapanda kichwani. Homa ya uti wa mgongo vilevile. Huyu hangoji kesho, apelekwe hospitali iliyo karibu usiku huohuo. Hata mnywaji wa chang'aa aliyeacha ghafla, akaanza kutetemeka na kuona wadudu ukutani, ni wa usiku huohuo.

Kuna na mama aliyejifungua, na hapa tukae kidogo. Katika kila kina mama elfu moja wanaozaa, mmoja au wawili hupatwa, mara nyingi katika wiki mbili za kwanza. Halali, anaongea mbiombio, au anasema mtoto si wake, ni wa shetani. Watu husema ni uchovu, au hampendi mtoto. Sivyo, ni mgonjwa, na kuna hatari kwa wote wawili. Asiachwe peke yake na mtoto, wala asilaumiwe. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Wengi wakitibiwa mapema hupona kabisa. Kina mama, ninyi ndio mnaokwenda kumwona mzazi na uji, basi ninyi ndio mtakaoiona kwanza.

Kwa vijana mara nyingi huja polepole. Anaacha kuoga, anajifungia, anaongea peke yake miezi na miezi. Hiyo yaweza kuwa skizofrenia, na bangi huongeza hatari yake. Mwingine hupanda na kushuka: wiki hii halali, anagawa pesa za biashara na kujiita nabii, baadaye anazama katika huzuni.

Dawa zipo, vidonge na hata sindano ya kila mwezi. Kweli zina taabu: shingo kukakamaa, mate kutoka, mwili kunenepa. Ndiyo maana wengi huziacha kwa siri, na ugonjwa ukarudi. Mwambieni daktari, maana hata kukakamaa kuna dawa yake.

Na sisi wa kanisa tumekosea pia. Tumwombee mgonjwa, lakini tusimkeshe usiku kucha wala kumfungisha chakula, kwa kuwa kukosa usingizi huzidisha ugonjwa. Na mtu asimwambie atupe vidonge ati kuonyesha imani.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

Katika ploti yenu yuko mtu aliyefichwa chumbani? Ilianza lini?

Mzazi akipatwa usiku, nani ana gari, na nani atabaki na mtoto?

Je, kikundi chaweza kutenga sehemu ya mchango wa kila wiki kwa nauli ya kliniki?