Wiki Moja Kila Mwaka: Je, Inafaa Familia Iliyo Ng'ambo?

Mama mmoja wa kikundi alitujia na swali. Mwanawe, anayeishi Uingereza na familia yake, ameshawishiwa kununua taimshea: haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika nyumba ya likizo kule Uhispania. Anataka shauri la mama.

Tulikaa tukapiga hesabu. Tuseme bei ni pauni 8,000, na ada ya utunzaji pauni 700 kwa mwaka. Kwa miaka 10 atatoa 15,000, yaani 1,500 kwa kila wiki, na nauli bado! Ada hulipwa hata wasipoenda, na kwa kawaida hupanda. Akichoka, je, atauza? Wengi hukosa mnunuzi hata kwa bei ya kutupa. Hili si shamba jamani.

Tena likizo yao huitumia kuja nyumbani kuona wazee. Mwaka huo wiki ya Uhispania inapotea bure, au waibadilishe kwa ada nyingine. Familia inayopenda pwani ile ile kila mwaka, pengine itafaidika. Hawa, sisi tunaona haiwafai.

Na kama ameshatia sahihi? Sheria ya Uingereza, na ya Uhispania pia, humpa siku 14 za kuvunja mkataba bila kueleza sababu. Muuzaji haruhusiwi kupokea hata malipo ya kwanza kabla siku hizo kwisha. Aandike barua, asipige simu tu.

Mjadiliane: wako akikuuliza hivyo, utamwuliza nini kwanza?